Je, Wajua? Linux ya Bure, Hifadhidata ya Mamilioni

Ukilipa bili, ukitoa pesa benki au ukikata tiketi ya ndege, rekodi yako huingia kwenye hifadhidata. Mara nyingi hifadhidata hiyo ni programu ya kununuliwa, tena kwa bei ya kutoa jasho, na mara nyingi seva inayoibeba inaendeshwa na Linux ambayo haikununuliwa na mtu. Cha bure na cha ghali vilianza kukaa seva moja kwa kusuasua. Soma vituko vyao, kisha kamsumbue fundi wa kompyuta wa ofisini kwenu kwa maswali.

WALIKOTOKA

Je, wajua kuwa Oracle haikuwahi kuuza toleo la 1?
Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walianzisha kampuni yao California mwaka 1977. Hifadhidata yao ilipoingia sokoni mwaka 1979 waliiita Toleo la 2, maana Ellison aliamini hakuna mteja atakayekubali kununua toleo la kwanza la kitu chochote. Jina Oracle walilitoa kwenye mradi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani.

Je, wajua kuwa wazo lenyewe halikuwa lao?
Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, alichapisha makala iliyopendekeza data zote zipangwe katika majedwali yanayohusiana. IBM ilitoa utafiti wake hadharani lakini haikuwa na haraka ya kuuza. Bidhaa yake ya kwanza ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata za aina hiyo, ilitoka mwaka 1981. Oracle ilishasoma makala zile na kuwahi soko.

Je, wajua kuwa Linux ingeweza isizaliwe?
Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kerneli yake, yaani ile programu ya chini kabisa inayosimamia prosesa, kumbukumbu na diski. Baadaye alisema kwamba kama 386BSD, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Unix wenye asili ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ungekuwa tayari wakati ule, pengine asingejisumbua.

Je, wajua kilichoichelewesha BSD hiyo ya Berkeley?
Kesi. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T iliwashtaki waliokuwa wakisambaza BSD, ikidai Unix yake imeibwa. Suala lilipomalizwa nje ya mahakama mwaka 1994, kati ya mafaili kama 18,000, ni 3 tu yaliyotakiwa kuondolewa, na mengine 70 kuongezewa tamko la hakimiliki. Hukumu ya soko ilikuwa imeshatoka: katika miaka hiyo miwili watu walishahamia Linux.

MLANGO WAFUNGUKA

Je, wajua mwezi ambao wakubwa walisalimu amri?
Ni Julai 1998. Kabla ya hapo, anayetaka hifadhidata ya kununua juu ya Linux alikuwa na Adabas D ya Software AG ya Ujerumani na nyingine chache. Mwezi huo kampuni za hifadhidata za Informix na Oracle zilitangaza, moja baada ya nyingine, kwamba zinakuja Linux. Kabla mwaka haujaisha Sybase nayo ilishaingia, na IBM ikatoa hifadhidata yake ya DB2 kwa majaribio.

Je, wajua kuwa Sybase iligawa yake bure?
Toleo la 11.0.3.3 la Linux liliruhusiwa kutumika bila malipo, hata kwa kazi halisi za biashara. Wakati huohuo, mwenye seva ya Unix ya kibiashara alilipia hifadhidata ya kampuni hiyohiyo kama kawaida. Kilichobadilika ni mfumo endeshi uliokuwa chini yake tu.

Je, wajua kuwa Oracle iliwahi kuendeshwa kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa BSD, ingawa hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya FreeBSD?
Hapa tusimame kidogo. Programu yoyote ikitaka huduma ya kerneli huiomba kwa namba. Kwenye Linux ya biti 32, ombi namba 13 maana yake ni "niambie saa". Kwenye FreeBSD, namba 13 ni amri ya kuhamia saraka nyingine. Programu ya Linux ukiiweka FreeBSD hivihivi, itauliza saa na kujikuta imehamishwa makazi.

Mafundi wa FreeBSD wakaweka majedwali mawili ya namba ndani ya kerneli moja. Kila faili la programu hubeba alama inayosema limetengenezwa kwa mfumo gani. Kerneli huisoma alama hiyo kabla ya kuliendesha faili, na ikikuta ni la Linux hutumia jedwali la Linux. Faili lisilo na alama sahihi fundi hulitia mwenyewe kwa amri iitwayo brandelf. Tena, programu ya Linux ikitafuta faili lolote, FreeBSD hulitafuta kwanza ndani ya saraka ya /compat/linux, ambako maktaba za Linux zimehifadhiwa. Hivyo Oracle 8.0.5 ya Linux ilifanya kazi bila kujua iko kwa nani. Kwa kuwa hakuna prosesa ya kuigizwa, kinachopotea katika kasi ni kidogo mno.

Je, wajua kuwa maelekezo yake yalikuwa kwenye mwongozo rasmi?
Mwongozo wa FreeBSD ulikuwa na sehemu nzima ya kusakinisha Oracle: fungua akaunti ya mtumiaji iitwayo oracle, mpe bash (programu ya kupokea amri) ya Linux badala ya ile ya FreeBSD, ongeza kumbukumbu ya pamoja kwenye kerneli, na kadhalika. Ulikuwa pia na sehemu ya SAP R/3, ile programu nzito ya uhasibu na maghala ya kampuni kubwa, ikikaa juu ya Oracle hiyohiyo. Kitu kimoja tu hakikuwemo: namba ya simu ya kupiga saa 8 usiku mambo yakiharibika. Oracle haikuitambua FreeBSD, kwa hiyo ulilipa leseni na ukabaki na shida zako.

Je, wajua aliyeufunga mlango huo?
OpenBSD, ndugu wa FreeBSD anayejulikana kwa ukali wa usalama, iliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu za Linux katika toleo la 6.0 la mwaka 2016. FreeBSD imeendelea nao hadi leo.

NDANI YA MASHINE

Je, wajua kuwa kisakinishi cha Oracle kilidanganywa kwa mstari mmoja wa maandishi?
Kabla ya kuanza, kisakinishi kilichungulia faili la /etc/redhat-release kuona kama mashine inatumia Red Hat, mojawapo ya aina za Linux. Watumiaji wa Debian, aina nyingine ya Linux ambayo haikuwa kwenye orodha ya Oracle, waliliunda faili hilo kwa mkono, wakaandika ndani yake jina la Red Hat, na kisakinishi kikaendelea na safari.

Je, wajua kuwa Oracle humaliziwa kuungwa kwenye seva yako?
Sehemu kubwa yake hufika ikiwa vipande, na kisakinishi huviunganisha na maktaba za mashine unayotumia. Ndiyo maana kupandisha maktaba ya glibc toka 2.0 hadi 2.1, jambo lililokuja na Red Hat 6.0 mwaka 1999, kuliwaacha wengi na Oracle 8.0.5 isiyowaka mpaka iwekewe viraka. Programu huria ungeijenga upya kutoka kwenye msimbo wake. Ya kununua ulimsubiri mwenye nayo.

Je, wajua kosa linalosema diski imejaa wakati diski ni tupu?
Oracle ikigoma kuwaka kwenye Linux huweza kutoa kosa namba ORA-27102, likifuatiwa na maelezo kwamba hakuna nafasi kwenye kifaa. Fundi mgeni hukimbilia kufuta mafaili. Diski haina kosa lolote: mara nyingi kigezo cha kerneli kiitwacho shmall, kinachoweka kikomo cha kumbukumbu yote ya pamoja, kimewekwa chini mno. Ukikipandisha, hifadhidata inaamka.

Je, wajua kuwa kwa miaka mingi kikomo cha kipande kimoja cha kumbukumbu hiyo kilikuwa megabaiti 32?
Seva ingeweza kuwa na gigabaiti 64 za RAM, lakini Linux ikitoka kiwandani iliruhusu kipande cha megabaiti 32 tu hadi msimamizi abadilishe. Kikomo hicho kiliondolewa kwa vitendo katika kerneli 3.16 ya mwaka 2014.

Je, wajua kuwa hesabu za kurasa pekee zinaweza kula karibu gigabaiti 8?
Linux hugawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4. Chukua hifadhidata yenye kumbukumbu ya pamoja ya gigabaiti 8: hizo ni kurasa 2,097,152. Kila ukurasa huandikiwa mstari wa baiti 8 kwenye daftari la kurasa, kwa hiyo daftari zima ni megabaiti 16. Si kitu, utasema. Tatizo ni kwamba kila mchakato una daftari lake. Wakiunganishwa watumiaji 500, kila mmoja na mchakato wake, na wote wakaipitia kumbukumbu yote, madaftari yanakaribia gigabaiti 8, karibu sawa na data yenyewe. Dawa yake ni kurasa kubwa za megabaiti 2, ambazo hushusha idadi hadi 4,096.

Je, wajua kuwa Linux ina muuaji wa ndani?
RAM ikiisha kabisa, kerneli huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mashine ipone. Hupendelea anayekula kumbukumbu nyingi zaidi, na kwenye seva ya hifadhidata huyo ni nani kama si hifadhidata yenyewe? Wasimamizi wazoefu huandika -1000 kwenye faili la oom_score_adj la mchakato huo, na muuaji humpita.

Je, wajua kuwa Torvalds alisingizia nyani?
Hifadhidata kubwa hupenda kuandika diskini moja kwa moja bila kupitia kumbukumbu ya kerneli, kwa sababu zina utaratibu wao wa kuhifadhi. Njia hiyo kwenye Linux huitwa O_DIRECT. Torvalds aliichukia kiasi cha kuandika kwamba huenda ilibuniwa na nyani mwehu aliyeleweshwa madawa. Wenzake waliyachukua maneno hayo wakayaweka kwenye ukurasa wa mwongozo wa Linux.

Je, wajua kuwa diski inaweza kufa na kerneli ikasema "kila kitu salama"?
Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, hifadhidata huria, waligundua tabia ya kutisha. Programu ikiiamuru Linux ihakikishe data zimefika diskini na diski ikashindwa, kerneli hutoa taarifa ya kosa mara moja, kisha huuhesabu ukurasa ule kuwa umeshaandikwa. Ukiuliza mara ya pili unajibiwa kwamba mambo ni shwari, na data zako hazipo. FreeBSD huendelea kuuhesabu ukurasa kuwa haujaandikwa. Tangu 2019 PostgreSQL ikipata kosa hilo hujizima yenyewe kwa makusudi, kisha hujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala.

MAJINA NA VITUKO

Je, wajua kuwa jina la pomboo wa MySQL lilitoka kwa Mwafrika?
Pomboo wa nembo ya hifadhidata huria ya MySQL anaitwa Sakila. Jina hilo lilishinda katika shindano la watumiaji, na aliyelipendekeza ni Ambrose Twebaze, mtengenezaji wa programu huria aliyekuwa Eswatini na ambaye asili yake ni Uganda. Alieleza kuwa Sakila ni jina la kike lenye mizizi katika Kiswati. Vilevile ni jina la mahali mkoani Arusha, Tanzania. Leo wanafunzi wa SQL duniani kote hufanya mazoezi kwa hifadhidata ya mfano iitwayo Sakila, yenye rekodi za duka la kukodisha DVD.

Je, wajua kuwa MySQL ni ya Oracle?
Kampuni ya kompyuta ya Sun iliinunua mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, na Oracle ikakamilisha kuinunua Sun Januari 2010. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikuwa ameipa jina la binti yake, My. Alipoona mtoto anaelekea ukweni asikokupenda, alichukua msimbo huria wa MySQL akaanzisha MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo, Maria.

Je, wajua nywila iliyofichwa tangu miaka ya 1990?
Borland iliufungua msimbo wa hifadhidata yake ya InterBase Julai 2000. Januari 2001 shirika la CERT la Marekani lilitoa tahadhari: ndani ya programu kulikuwa na akaunti ya siri iliyojengewa humo, jina lake "politically" na nywila yake "correct". Yeyote aliyeijua angeweza kuingia kwenye seva yoyote ya InterBase. Wateja waliolipia programu hiyo kwa miaka hawakuwa na njia ya kuiona. Msimbo ulipowekwa hadharani, haikupita hata miezi 6.

Je, wajua kuwa kivinjari cha Firefox kilibadilishiwa jina kwa sababu ya hifadhidata?
Kutoka kwenye msimbo huohuo wa InterBase ilizaliwa hifadhidata huria ya Firebird. Mozilla nayo ilikuwa imekiita kivinjari chake Firebird. Watu wa hifadhidata wakaja juu, na Februari 2004 kivinjari kikawa Firefox.

Je, wajua kuwa Microsoft huuza hifadhidata ya Linux?
Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, aliita Linux saratani. Machi 2016 kampuni hiyohiyo ilitangaza SQL Server ya Linux, ikaitoa Oktoba 2017. Mradi wenyewe ulipewa jina la siri Helsinki. Badala ya kuandika upya mamilioni ya mistari ya msimbo, mafundi walichukua kazi ya idara yao ya utafiti iitwayo Drawbridge: tabaka jembamba linalobeba sehemu za Windows ndani ya mchakato wa kawaida, na kuomba huduma kwa mwenyeji kupitia maombi kama 50 tu. Ni jirani wa ile mbinu ya FreeBSD: mgeni anaongea lugha yake, mkalimani yuko mlangoni.

Je, wajua kuwa Oracle ina Linux yake?
Oktoba 2006 ilianza kuuza msaada wa kiufundi kwa Linux iliyojengwa kutoka kwenye msimbo wa Red Hat. Red Hat haikuweza kuizuia, kwa kuwa leseni huria inaruhusu. Oracle imechangia pia: OCFS2, mfumo wa mafaili wa seva nyingi zinazotumia diski moja, na Btrfs, ulioanzishwa na Chris Mason alipokuwa mfanyakazi wake mwaka 2007, vyote vimo ndani ya kerneli.

BILI

Je, wajua kuwa leseni inaweza kukukataza kusema programu ni ya polepole?
Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Profesa David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipima kasi ya hifadhidata kadhaa, na Oracle ikafanya vibaya. Ellison alikasirika. Tangu hapo leseni za Oracle, na baadaye za kampuni nyingine, zimekataza mteja kuchapisha vipimo vya kasi bila kibali. Kifungu hicho hadi leo huitwa kwa jina la DeWitt.

Je, wajua kuwa Oracle ipo ya bure?
Toleo la XE la 18c lilikuwa na mipaka mitatu: gigabaiti 12 za data za mtumiaji, gigabaiti 2 za RAM na nyuzi 2 za prosesa. Lilitosha kujifunzia, na hata kuendeshea duka. Benki ingepumulia mashine.

Je, wajua hesabu ya asiyepewa punguzo?
Bei ya orodha ya Oracle Enterprise Edition kwa miaka mingi imekuwa dola 47,500 kwa prosesa. Kwa chipu za kawaida za Intel, viini 2 huhesabiwa prosesa 1. Seva ya viini 16 ni prosesa 8, yaani dola 380,000. Ongeza msaada wa kiufundi wa asilimia 22, nao ni dola 83,600 kila mwaka. Mfumo endeshi: sifuri.

Je, wajua kuwa cha bure nacho huisha muda?
Kampuni nyingi zilizokwepa gharama za Red Hat zilitumia CentOS, Linux ya bure iliyojengwa kutoka kwenye msimbo wa Red Hat. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8 itaachwa mwishoni mwa 2021, na CentOS 7 ikafikia kikomo tarehe 30 Juni 2024. Rocky Linux iliyokuja kuziba pengo imepewa jina la Rocky McGaugh, marehemu mmoja wa waanzilishi wa CentOS. Kabla ya kusakinisha chochote, tazama tarehe mbili: mwisho wa mfumo endeshi na mwisho wa hifadhidata. Iliyo karibu ndiyo yako.

Je, wajua tofauti ya "inafanya kazi" na "inatambuliwa"?
FreeBSD ilifanya kazi. Debian yenye faili la uongo ilifanya kazi. Lakini mwenye programu hupokea simu yako ikiwa tu mfumo wako umo kwenye orodha yake, na ile pesa nyingi unayolipa ni ya simu hiyo. Kama una mafundi wanaoweza kujijibu wenyewe, PostgreSQL inakungoja bila bili. Huna, basi fuata orodha neno kwa neno.

Je, wajua mtego wa mashine pepe?
Kampuni yenye seva ya viini 64 inaigawa kwa programu ya VMware, inatengeneza mashine ndogo ya viini 2, inaweka humo Linux na Oracle, na kudhani italipia prosesa 1. Sera ya Oracle haiutambui mgawanyo wa aina hiyo: huhesabu viini vyote vya seva ambamo programu inaweza kuendeshwa. Viini 64 ni prosesa 32, na mara 47,500 ni dola 1,520,000. Wakaguzi wakibisha hodi, hakuna atakayeulizwa risiti ya Linux.